Mama na Sakafu Yangu Nyekundu

Mama alitangaza kwamba anarudi nyumbani wakati ule ule nilipokuwa namaliza kupiga sakafu polishi. Nilikuwa bado nimepiga magoti, leso kichwani, mikono myekundu hadi viwikoni. Yeye alikuwa ameketi kitandani, mguu wenye kidonda ameuweka juu ya stuli, anatazama ukuta.

"Kesho jioni nitapanda basi," akasema. "Krismasi siwezi kuila hapa."

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na sikuacha mpaka Krismasi yenyewe ilipofika.

Hii ilikuwa Mbotela, mtaa wa Nairobi, katikati ya miaka ya tisini. Tulikuwa na chumba kimoja cha kulala na kukalia, pazia katikati, na kijichumba cha jikoni ambacho watu wawili wakiingia mmoja lazima atoke. Mume wangu alikuwa Mombasa kwa kazi ya bandarini, na alikuwa ametuma mwenzake aje aniambie kwamba likizo hakupata. Alituma maneno, hakutuma kingine. Mimi nilikuwa na kibanda cha nguo za mitumba za watoto kando ya Barabara ya Jogoo, na kila Desemba nilivalisha watoto wa watu wote isipokuwa wangu, maana wangu walivaa kilichobaki.

Mama alikuwa amejikata mguu na jembe huko kwetu magharibi, kidonda kikakataa kupona. Nilimleta Nairobi baada ya kuona hali yake. Nesi wa kliniki aliniambia wazi, mama mwenyewe akisikia, kwamba kile kidonda kioshwe na kufungwa kila baada ya siku moja mpaka kijifunge kabisa, na kwamba akirudi shambani kabla ya hapo, safari ijayo tutakuwa tunazungumza habari ya kukata mguu. Mama aliitikia kwa adabu. Tulipofika nje akasema, "Yule ni mtoto mdogo."

Nami nilijua kule nyumbani hakuna wa kumfunga bandeji. Baba alishatangulia kaburini, nyumba imefungwa kwa kufuli, na mama akiwa peke yake hawezi kukaa siku mbili bila kushika jembe. Akipanda lile basi, mguu umekwenda. Nilimwambia hivyo. Unajua alinijibu nini?

"Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini."

Mtu akikujibu kwa methali, na methali yenyewe ni ya kweli, utasema nini?

Shida yake haikuwa mimi, wala haikuwa chakula. Ilikuwa nyumba yake. Kwetu, kabla ya Krismasi kila nyumba husiribwa upya kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, kuta na sakafu, hata kama mwaka mzima hukugusa. Nyumba isiyosiribwa Krismasi ni nyumba iliyofiwa. "Watu watapita pale waseme yule mwanamke hayupo tena," alikuwa akiniambia tangu mwezi uanze. Chakula hali! Hasemi! Anageukia ukuta. Wasichana wangu wawili walikuwa wakimwita shosho, kama watoto wote wa Eastlands wanavyowaita nyanya zao, na hata hilo lilimuudhi. "Mimi si shosho wa mtu. Mimi ni kukhu, kama tunavyosema kwetu." Wao wakasahau, wakaendelea na shosho.

Basi mimi nikajitia kumtengenezea Krismasi. Nilitundika baluni. Nilisokota karatasi ya choo, ya waridi na nyeupe, nikaivuta kutoka kona hadi kona chini ya dari. Nilileta tawi la mvinje nikalisimamisha ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa mchanga, nikalibandika pamba juu kama nilivyoona madukani mjini.

Mama aligeuka kidogo akalitazama.

"Hiyo pamba ni ya nini? Mti nao una kidonda?"

"Ni theluji, mama."

"Umewahi kuiona theluji?"

"Sijaiona."

"Sasa unamdanganya nani?"

Msichana wangu mkubwa akacheka hadi akakohoa. Huyo alikuwa amefika umri wa kujua kila kitu. Asubuhi hiyo alikuwa ameniambia, "Mathe, Krisi ya mwaka huu inaboo," kwa sababu marafiki zake wote walikuwa wameenda ushago, kwao mashambani, na ploti nzima ya wapangaji imebaki kimya. Ilikuwa inaboo kweli, haina ladha. Tangu niwe mtu mzima Krismasi ilikuwa kazi tu, kama kufua, ila hii haina mtu wa kukusaidia kukamua.

Ndiyo maana nilitumainia ile sakafu. Sakafu za Mbotela ni saruji nyekundu, na ukiipaka polishi kisha ukaisugua na blanketi kuukuu chini ya mguu, nyumba yote inabadilika. Niliisugua mpaka mapaja yakawaka. Ilipong'aa nikamwambia mama atazame. Akatazama. Ndipo akasema habari ya basi.

Siku ya pili yake ndiyo ilikuwa mkesha. Nilienda kibandani kwa sababu siku hiyo usipouza umekwisha, lakini moyo haukutulia, nikafunga mapema, mchana bado mkali. Nilipokata kona ya ploti yetu niliona sofa yangu nje juani, meza nje, masanduku nje, mti wa mvinje nje na pamba zake. Jirani yangu, mama mmoja wa upande wa Murang'a ambaye tulikuwa tukigombania kamba ya kuanikia na kuazimana chumvi, alikuwa amesimama mlangoni kwake, kiganja puani.

"Mama wasichana," akaniambia, "ingia ujionee. Mimi simo."

Nikaingia. Mama alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba, mguu mbaya ameutia ndani ya mfuko wa plastiki na kuufunga kwa kamba ya katani. Kando yake kulikuwa na karai. Wasichana wangu wako upande huu na upande ule, mikono imezama katika kinyesi cha ng'ombe. Nusu ya sakafu yangu nyekundu ilikuwa kijani.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninatengeneza nyumba."

"Nyumba nimeshaitengeneza!"

"Hii uliipaka rangi ya mdomo," akasema, akachota tena.

Kumbe alikuwa amewatuma wasichana kwa mzee mmoja aliyefuga ng'ombe wawili karibu na reli. Yaani watoto wangu walipita mtaa mzima, mkesha wa Krismasi, wamebeba karai la mavi. Nilipayuka. Nilimwambia hii ni Nairobi. Nilimwambia kuna watu wanaweza kuniitia mkusanya kodi akanifukuza. Nilimwambia nesi atanila nyama mbichi akiona kidonda kimepelekwa kwenye mavi. Nilimwambia na mengine ambayo yalimstahili mume wangu, lakini yeye ndiye aliyekuwa karibu. Mama aliendelea kusiriba, mkono unakwenda nusu duara, nusu duara, bila haraka, mpaka nikaishiwa.

Ndipo mdogo akasema, "Shosho, hapa inatoka."

Pale karibu na dirisha, walipoanzia, ilikuwa imeshakauka. Na ilipokauka ilikuwa imejikunja kingo, inainuka kama ukoko wa uji kwenye sufuria. Mama akasogea, akagusa. Pande zima likang'oka, na chini yake polishi yangu ikatokea inang'aa vile vile. Akagusa pengine. Pakang'oka. Alilishika lile gamba kiganjani akaligeuza huku na huku.

"Kwetu haifanyi hivi," akasema.

Akajaribu kusimama, akashindwa. Nilimwinua kwa makwapa nikamkalisha kitandani. Nilipofungua ule mfuko, bandeji ilikuwa imelowa damu. Nilimwosha, nikataka kumfunga upya, akauvuta mguu. Alikataa bandeji mpya. Akasema nimpe mkoba wake.

"Basi la jioni halijaondoka," akasema. "Wewe nitafutie tu mtu wa kunishika mkono hadi kituoni."

Nilitoka nje nikakaa kwenye sofa yangu, juani, mbele ya ploti nzima, kama mtu aliyetolewa vyombo na mahakama. Sijawahi kuchoka vile. Nilimchukia mume wangu, nikachukia mabasi, nikaichukia hata ile polishi. Wasichana wakaja wakasimama mbele yangu wananuka zizi. Yule mkubwa, bingwa wa kuboeka, alikuwa na kinyesi hadi kwenye nyusi, na akaniuliza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake siku nyingi, "Sasa haitawezekana?"

Kilichoniinua sijui kama kilikuwa huruma au ukaidi. Nadhani ni ukaidi. Polishi niliipaka mimi, na mafuta hayashiki maji, mtoto yeyote anajua. Nilichukua parafini ya stovu, nikachukua matambara na waya wa kusugulia sufuria, nikaingia, nikaanza kuitoa. Ile polishi niliyoipaka kwa mapaja yangu mwenyewe, nikaiondoa kwa mapaja yale yale. Jirani akaleta jivu la jiko lake kwenye ndoo bila kuulizwa, tukalinyunyiza kunyonya mafuta.

"Nyinyi watu wa huko mna mambo," akasema.

"Leta jivu, wacha maneno," nikamwambia, naye akacheka akaenda kuleta lingine.

Sakafu ilipobaki saruji kavu, imefifia, nikavuta karai. Mama alikuwa kitandani, mkoba magotini, ananitazama. Nilichota nikabwaga chini.

"Maji mengi," akasema.

Nikaongeza kinyesi.

"Mkono usiuinue. Ukiuinua unaacha mistari. Hapo umeruka. Hapo pia. Wewe ulifundishwa na nani?"

"Na wewe."

"Mimi sikukufundisha hivyo."

Nikaendelea. Na katika kuendelea, harufu ikanifika. Si kwamba sikuinusa mwanzo. Mwanzo ilikuwa harufu ya mavi ndani ya nyumba yangu. Sasa nilikuwa nimeinama, uso karibu na sakafu, na ilikuwa ile harufu ya nyasi na udongo uliolowa ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Mkesha wa Krismasi tulitolewa nje ya nyumba sisi watoto ili pakauke, tukala viazi jikoni, na hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga mpaka asubuhi. Na asubuhi, mama akitufungulia, pale kwenye sakafu mpya palikuwa na nyayo.

Nyayo ndogo za mtoto mchanga, za kulia na kushoto, zimeingia kutoka mlangoni mpaka katikati ya nyumba. Mama alikuwa akisema, "Ni yeye, Mtoto aliyezaliwa leo. Kule kwao siku ile walimkosesha chumba, sasa anatafuta nyumba iliyotengenezwa." Nami niliuliza kila mwaka, "Mbona hazitoki?" Naye alinijibu kila mwaka, "Akishakaribishwa, atoke aende wapi?" Nilimtafuta nyuma ya mitungi. Nilimtafuta chini ya kitanda. Siku nzima ya Krismasi nilitembea nikiambaa na ukuta nisije nikakanyaga alipokanyaga, na moyo unadunda kwa sababu yumo, yumo humu humu ndani.

Kisha nikakua. Siku moja nikaona mama akicheza na mtoto wa shangazi, akabonyeza ngumi kwenye udongo kwa ubavu, akaongeza vidole vitano kwa ncha za vidole vyake, ukawa unyayo. Kidole chake cha mwisho kiliwahi kupondwa na mchi kikapinda, kwa hiyo kile kidole kidogo cha mguu kikatokea pembeni, kimejitenga. Na nyayo za Mtoto wa kwetu, miaka yote ile, zilikuwa na kidole cha mwisho kimejitenga. Nilikuwa na kama miaka kumi na miwili. Sikumwambia mtu. Nilikasirika tu, na Krismasi ikaishia hapo.

Nilimaliza kusiriba jua likianza kulegea. Mlango na dirisha vikaachwa wazi, upepo ukapita. Nilimtazama mama. Alikuwa amelala ubavu akiuelekea ukuta, mkoba uliofungwa uko miguuni pake. Alikuwa amesinzia au amejisinzisha. Sikumuuliza habari ya basi, naye hakunikumbusha. Saa yake ya kuondoka ikapita hivyo hivyo, lakini kulikuwa na basi la asubuhi, na ule mkoba haukufunguliwa. Jirani akachukua wasichana wakamsaidie kusukuma chapati na walale kwake. Mimi na mwanawe mkubwa tukairudisha sofa, tukaiweka ukutani penye ukavu; vitu vingine vikalala kwa jirani.

Nilipobaki peke yangu nikapiga magoti mlangoni. Sakafu ilikuwa imeshika lakini bado laini. Nikakunja ngumi nikabonyeza ubavu wake, nikaweka vidole. Nikajiona mjinga. Nikafanya wa pili. Mwanamke mzima, mwenye deni la usingizi, anachora miguu kwenye mavi. Lakini nikaendelea mpaka kitandani kwa mama, na hapo nikaacha. Nilifikiri, wasichana wakiziona asubuhi watapata cha kusimulia. Huo ndio uliokuwa uongo wangu. Kweli yenyewe ni kwamba sikuwa na neno lingine lolote lililobaki la kumwambia yule mama asiende.

Mabomba ya ploti yetu yalikuwa makavu, nikachukua mitungi nikaenda kupanga foleni ploti ya chini. Foleni ilikuwa ya Krismasi, kila mtu anataka maji ya kupikia. Niliporudi stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, giza tupu. Niliambaa na ukuta nikaifikia sofa, nikalala na nguo zangu.

Asubuhi niliamshwa na kimya. Wasichana walikuwa wamesimama mlangoni, sahani ya chapati mkononi, nao hawaingii. Kwaya fulani ilikuwa ikipita mbali barabarani na ngoma zake. Mdogo akachuchumaa.

"Nani amepita hapa?" akauliza.

Nikamngoja mkubwa aseme ni mathe, maana yeye anajua kila kitu. Hakusema. Alikuwa ameshika mdomo. Nikafuata macho yake, kutoka mlangoni, nyayo zangu, moja moja, hadi kitandani kwa mama. Hapo nilipoziachia.

Hazikuishia hapo. Kutoka kitandani zilianza nyingine, zikakata chumba, zikaja moja kwa moja mpaka kwenye sofa yangu, zikasimama mbele ya kandambili zangu. Kidole cha mwisho cha kila unyayo kilikuwa pembeni, kimejitenga.

Nikamtazama mama. Alikuwa macho, ananitazama, mikono ameificha ndani ya blanketi. Magoti ya nguo yake ya kulalia yalikuwa ya kijani. Hasira zilinipanda. Na mguu ule! Nikiwa kwenye foleni ya maji alikuwa ameshuka, akapiga magoti juu ya kidonda, katika giza, akavuka chumba kizima na kurudi. Nilifungua mdomo nimkaripie. Ndipo nikagundua kwamba nimeipandisha miguu yangu juu ya sofa na kuikumbatia, na kwamba sithubutu kuishusha. Nilijua ni ngumi ya nani. Nilijua tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Na moyo ulikuwa unadunda vile vile.

"Wewe," mama akamwambia msichana mkubwa, "tazama hapo mlangoni. Zimetoka?"

Msichana akainama, akatazama vizuri, akatazama hata kwenye ngazi nje.

"Hazijatoka, kukhu."

Mama akajiinua, akaegemea ukuta.

"Basi," akasema. "Mgeni haachwi peke yake nyumbani."

Akausukuma mkoba kwa mguu mzima, ukaangukia chini ya kitanda. Kisha akautoa ule mbaya nje ya blanketi, akaunyoosha kunielekea.

"Haya, lete hiyo bandeji yako. Na usinigombeze, ni Krismasi."

Nikashuka upande wa ukutani nikaenda kuichukua, nikizunguka chumba kizima ili nisizikanyage.